Boriti ya Sita

Pueblo, 6 Machi 1978

Dada Genoveva,

Salamu kutoka kwetu. Ramona hajambo, ila meno yanamsumbua. Lucinda amepata kazi ya kufundisha na amehamia mbali kidogo; hutujia kila mwisho wa mwezi na nguo za kufua. Mimi bado niko kiwandani, kwenye tanuru la chuma. Nimepewa zamu ya asubuhi, na magoti yananiuma nikipanda ngazi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Juzi Jumamosi binamu yetu Crescencio alipita hapa akatuletea pilipili kavu za huko nyumbani, zimefungwa katika gazeti. Ramona alikuwa anazitoa moja moja, nami nilikuwa nimekaa mezani na miwani yangu. Nikalisoma gazeti kwa kuwa lilikuwa mbele yangu, nikakuta tangazo la mahakama kuhusu nyumba ya baba. Mdai ni Genoveva Archuleta. Mdaiwa ni "Delfino Archuleta, ikiwa yu hai, na ikiwa amefariki, warithi wake wasiojulikana."

Nakuandikia kukujulisha kwamba mimi ni mzima. Asubuhi nilikula mayai na maharage. Mrithi wangu anajulikana pia, maana wewe mwenyewe ndiye uliyempakata siku ya ubatizo.

Ramona aliniuliza nacheka nini. Sikuwa nacheka.

Nieleze, dada. Nasubiri.

Mdogo wako,
Delfino


Ojo Frío, 2 Aprili 1978, Jumapili, saa nane mchana. Upepo.

Mdogo wangu Delfino,

Barua yako ilifika tarehe 11 Machi. Nimeanza kuijibu mara tatu. Nimefurahi kwamba Lucinda amepata kazi. Mwambie mama yake wa ubatizo anangoja barua. Ramona aweke karafuu kwenye jino, asiitafune. Huku tulisafisha mfereji tarehe 25 Machi, watu kumi na wanne na majembe yao. Nililipa mtu afanye zamu ya nyumba yetu, kama kila mwaka. Mitufaha imechanua mapema, na baridi itaua maua, kama kila mwaka pia.

Maneno yale ya gazetini hayakutoka kwangu. Serikali inagawa mabati kwa wenye nyumba kuukuu, lakini inataka hati ya mahakama, nami sina kitu ila karatasi ya baba. Wakili alisema njia ni moja: nimshtaki kila mtu anayeweza kudai nyumba, kisha jaji aseme ni ya nani. Akaniuliza mdogo wangu yuko wapi. Nikasema yuko Colorado, ila kadi zangu nne za Krismasi hakuzijibu. Akasema basi tutatumia maneno ya kawaida. Sikuyasoma hadi yalipochapishwa. Nilipoyasoma nilikaa chini.

Unaijua desturi yetu, lakini wakili ametoka mjini, ilinibidi nimweleze: kwetu nyumba hurithiwa kwa boriti. Mwenye boriti ndiye mwenye paa lililo juu yake na ukuta ulio chini yake, na ndiye anayeukandika udongo kila mwaka. Anayekandika ukuta wa mwenzake anatangaza kwamba ni wake. Wakili aliandika yote, kisha akauliza kama ipo sheria inayosema hivyo. Nikamwambia ipo nyumba.

Karatasi ya baba inasema: boriti sita kuanzia mashariki ni za Genoveva, tano zilizobaki ni za Delfino. Nakuomba utie saini ukubali, ili kesi iishe. Zako tano hakuna atakayezigusa.

Dada yako,
Genoveva


Pueblo, 23 Aprili 1978

Dada Genoveva,

Tunaendelea vizuri. Jino la Ramona limeng'olewa. Theluji ya mwisho imeyeyuka, na mtaa mzima unanuka matope na moshi wa kiwanda.

Sitatia saini. Nimepata wakili wangu, kijana mdogo anayetafuna peremende akisoma, na ameshapeleka majibu yangu mahakamani. Sababu zangu ni hizi, nami nakwambia wewe kabla hujazisikia kwao.

Karatasi hiyo ina msalaba wa baba, lakini mwandiko ni wako. Hakuna shahidi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tulipoikata misonobari ya boriti hizo kule mlimani, mimi na baba na nyumbu mmoja. Kila mti ulipoanguka aliniambia nikalie juu yake nipumzike. Nilikalia yote kumi na moja. Kwa nini mtu wa namna hiyo anipe pungufu?

Jambo la pili. Crescencio anasema upande wangu wa nyumba umeachwa unabomoka, mvua imekula kona hadi matofali yanaonekana, na wako unang'aa kama kikombe. Hilo liliniuma kuliko tangazo.

La tatu si la mahakamani. Baba alifariki tarehe 14 Februari, na telegramu yako niliipata siku hiyo hiyo jioni. Lakini mtu hafi ghafla kwa ugonjwa wa kifua. Wewe huandika kila kitu katika daftari zako, hata siku kuku anapoanza kutaga. Tazama uliandika nini siku za mwisho, uniambie. Aliniulizia?

Delfino


Ojo Frío, 18 Juni 1978, Jumapili, saa moja asubuhi. Hakuna wingu.

Mdogo wangu,

Sote tu wazima. Kondoo mmoja alizaa mapacha tarehe 9 Mei. Maji ya mfereji ni machache, na zamu yetu mwaka huu imeangukia Ijumaa alfajiri. Bi Eulogia anakusalimu. Tangu posta ihamie dukani kwake hakuna barua isiyopita chini ya pua yake. Juzi aliniuliza kama wana wa Archuleta tuna kesi au tunachumbiana, maana stempu tunazonunua si za maadui.

Huenda wakili wako ameshakwambia, lakini nitaandika kwa mpangilio.

Tarehe 2 Juni alikuja mpimaji wa mahakama. Alipima nyumba nje na ndani, akapanda paani, akahesabu boriti. Alicheka alipoona ukuta wako umebomoka na wangu mzima, akaniuliza kama udongo uliniishia katikati. Nilimjibu kwamba mwenyewe hayupo. Delfino, ukuta wako sikuuacha kwa chuki. Miaka saba hii naupita kila siku nikienda kuchota maji, na mikono inaniwasha. Ningeukandika ungekuwa wangu, na sikutaka mtu yeyote kijijini aseme nimekudhulumu. Nilidhani unalijua hilo. Nilidhani kubomoka kwake ndiko kunakokuhifadhia.

Tarehe 12 Juni tulikuwa mbele ya jaji. Alisema karatasi ya baba haina mashahidi wawili, hivyo si wosia. Nyumba ni yetu nusu kwa nusu. Na kwa kuwa mpimaji anasema nyumba ya boriti kumi na moja haikatiki katikati bila kuangusha paa, tumepewa hadi tarehe 23 Oktoba tupatane. Tusipopatana itauzwa kwa mnada kwenye ngazi za mahakama, kila mtu apewe nusu ya fedha.

Siku tatu baadaye bwana mmoja alikuja na gari refu lenye namba za Texas. Hakushuka kwanza, aliitazama nyumba kupitia kioo. Kisha akashuka akapima madirisha kwa hatua zake, akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye mwangalizi.

Nimelala chini ya boriti ya tatu tangu usichana wangu. Sijui mtu huhamia wapi akitoka hapo.

Kuhusu lile uliloniuliza: daftari ni langu.

Genoveva


Pueblo, 9 Julai 1978

Dada,

Ramona anakusalimu. Joto la tanuru na la jua havitofautiani sasa. Lucinda ana mchumba, mtu mrefu asiyesema kitu, lakini anakula vizuri.

Wakili wangu amenipa taarifa ya mpimaji. Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote tangu shule. Ukurasa wa pili unasema hivi: paa limekandikwa juu ya boriti ya kwanza hadi ya tano kutoka mashariki. Juu ya boriti ya sita hadi ya kumi na moja halijakandikwa kwa miaka mingi. Maji yanapita kwenye boriti ya sita, na chini yake pana beseni.

Karatasi yako inasema sita ni zako. Kwa nini umekandika tano?

Nakujua, dada. Wewe ulimrudishia mwalimu penseli uliyoiokota njiani. Usingekaa miaka saba na beseni katikati ya jiko, maji yakidondoka juu ya kichwa chako, kama boriti ile ungeiamini ni yako.

Sasa hili. Wakili wangu amesikia kuhusu daftari zako, nadhani mimi ndiye niliyeropoka. Anataka kuiomba mahakama ikulazimishe kuzileta. Anasema humo ndimo tutakapokushinda. Nimemkatalia. Nimemwambia daftari la dada yangu ni kama kitanda chake, watu hawaingii humo kutafuta vitu. Akaniuliza nataka kushinda au sitaki. Alinipa peremende.

Sitakuuliza tena.

Delfino


Ojo Frío, 17 Septemba 1978, Jumapili, saa nne asubuhi. Mawingu, hakuna mvua.

Mdogo wangu Delfino,

Pilipili zimeiva na nimeanza kuzitunga mashada. Kondoo ni kumi na wanane. Hongera kwa Lucinda. Barua yako imekaa mfukoni mwa aproni yangu siku sitini na saba. Ilifuliwa mara moja, lakini bado inasomeka.

Niliandika kwamba daftari ni langu. Ni kweli, na yaliyomo ni yangu pia, ndiyo sababu ni vigumu. Yafuatayo nimeyanakili kama yalivyo, sikuongeza wala kupunguza.

"11 Februari 1971, Alhamisi. Theluji hadi magotini. Baba amekula uji vijiko vinne. Saa tisa aliniambia nilete karatasi. Amesema: tano za mashariki zako, tano za magharibi za Delfino, na ya sita ya nyote wawili, asiweze mmoja kuiuza wala kuifunga. Nimemwambia boriti haiwezi kuwa na wenyewe wawili, tutagombana. Amesema, 'Ndiyo. Lakini mtagombana mkiwa mmekaa pamoja.' Nimeandika sita na tano. Ametia msalaba bila kusoma. Amesema, 'Mwite Delfino aje aisikie kwa mdomo wangu.' Sikwenda posta."

"12 Februari, Ijumaa. Theluji imekoma. Baba ameuliza kama nimekwenda. Nimesema njia imefungwa. Sikwenda posta."

"13 Februari, Jumamosi. Jua. Watu wamepita njiani tangu asubuhi. Baba ameuliza tena. Sikwenda posta."

"14 Februari, Jumapili. Baba amefariki saa kumi na moja alfajiri. Nimekwenda kwa Eulogia, nimemgongea dirisha, nimetuma telegramu."

Basi, aliniuliza kuhusu wewe mara mbili, na siku ya nne hakuwa na sauti ya kuuliza.

Utataka kujua kwa nini. Nimetafuta katika daftari na sikuliandika, kwa hiyo nitaliandika leo. Ulipoondoka mwaka 1952 nilikuwa na miaka ishirini na minane, na Abrán Lucero alikuwa ameshazungumza na baba kuhusu mimi. Mama alikuwa hoi. Mmoja wetu alipaswa kubaki, na wewe uliondoka Jumatatu kabla hatujaamka. Abrán alingoja miaka mitatu. Siku ile baba aliposema ya sita ni ya nyote wawili, nilifikiri: huyu aliyekwenda, hata hii moja iliyo juu ya jiko langu anapewa nusu. Nilifikiri siku moja ya kumchelewesha si kitu. Kisha siku ile ikawa tatu.

Karatasi niliandika sita. Lakini kila vuli nilipopanda paani na ndoo ya udongo nilifika boriti ya tano, mkono ukakataa. Nikaweka beseni.

Mwonyeshe wakili wako barua hii ukitaka. Itakushindia kesi.

Genoveva


Pueblo, 1 Oktoba 1978

Dada yangu,

Tuko salama.

Nilikwenda na barua yako kazini, nikaisoma wakati wa chakula, nikairudisha katika kopo la chakula. Ndipo nikakumbuka kwamba kopo hili limewahi kubeba barua nyingine yako.

Uliniandikia tarehe 20 Januari mwaka ule. Labda umesahau, hapana, wewe hujasahau, umenihurumia tu usinitajie. Uliandika kwamba baba anakohoa damu na kwamba nikiweza nije. Niliipata tarehe 23. Nilikuwa na likizo ya siku tano sijaitumia. Niliibeba barua ile katika kopo wiki tatu, kila siku nikisema kesho. Nililiogopa jicho lake, maana tuliachana bila kuagana. Hata ungekwenda posta ile Alhamisi, Genoveva, sijui kama ningepanda basi. Nimejiuliza usiku na mchana na sijui.

Nilikuja, lakini. Njia ya mlimani ilifunguliwa tarehe 17, mkiwa mmeshamzika. Nilisimama makaburini kwa saa nzima. Niliona moshi wa jiko lako. Nikarudi zangu, nikajiambia kwamba ni wewe uliyenichelewesha, na maneno hayo nimeishi nayo miaka saba kama mto wa kulalia.

Kuhusu Abrán Lucero sikujua. Niliondoka alfajiri kwa sababu nilijua ningekuangalia usoni nisingeondoka. Sina cha kukulipa kwa hilo.

Barua yako sikumwonyesha mtu, hata Ramona. Nimemwambia wakili aandike makubaliano kama baba alivyosema, tano, tano, na moja ya wote. Ameuliza boriti ya watu wawili inaandikwaje. Nimemwambia kwa kalamu.

Nitafika Jumamosi tarehe 14. Tafuta majani makavu ya ngano ya kuchanganya na udongo, huku mjini hayapatikani. Na ngazi iwe imara, nimekwambia habari za magoti.

Delfino


Ojo Frío, 4 Desemba 1978, Jumatatu, saa mbili asubuhi. Theluji.

Mdogo wangu Delfino,

Natumaini mlifika salama na mifuko ya mahindi haikupasuka. Ramona alisahau shali yake. Nimeifua na nimeiweka. Kikohozi changu kimekwisha. Bwana wa Texas alipita tena wiki iliyopita, akaona ukuta wa magharibi umekandikwa upya, alama za vidole vyako zikionekana kama za mtoto, akauliza ni fundi gani aliyefanya kazi mbaya hivyo. Nilimwambia ni mwenyewe. Aliondoka.

Bi Eulogia anamsimulia kila anayenunua stempu jinsi jaji alivyokuuliza itakuwaje tukigombana juu ya boriti ya wote, nawe ukamjibu, "Tutagombana chini yake, mheshimiwa. Angalau hatutanyeshewa." Amelichukua jibu hilo kama lake. Mwache.

Hukumu iliyoandikwa imefika tarehe 28 Novemba. Niliisoma mara mbili kwa kidole. Boriti zote kumi na moja zimo, na ya sita imeandikwa vizuri. Lakini kwenye jina lako walikuwa wameacha yale maneno ya gazetini, "ikiwa yu hai." Nilipanda basi siku ya pili yake nikaenda mahakamani. Karani aliniambia ni maneno ya kawaida, hayabadilishi kitu. Nilimwambia nitasubiri. Nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu hadi saa saba. Mwishowe alichukua kalamu, akayapiga mstari, akagonga muhuri juu yake. Nakala yako imo ndani ya bahasha hii. Weka mahali pakavu.

Mabati tutapewa mwezi wa Mei, kwa majina mawili. Hadi hapo udongo unatosha. Imeanguka theluji usiku kucha, na asubuhi niliangalia juu ya jiko. Hakuna tone. Beseni nimewapa kuku.

Kama kiwanda kitakupa ruhusa, njooni Krismasi. Sitaki uniambie kesho.

Nimemaliza barua hii saa tatu na robo. Theluji imefika magotini na bado inaanguka. Navaa viatu sasa. Nakwenda posta.

Dada yako,
Genoveva